Nimelipia chujio la nyumba nzima na mume wangu hajui

Kwako Mama Mshauri,

Natumai u mzima. Naomba usichapishe jina langu kwa sababu mama mkwe wangu husoma safu hii, tena kwa sauti.

Nina miaka 34 na nina kibanda cha kushona nguo. Nilizaliwa upande wa Kakamega nikaolewa Nakuru miaka kumi na moja iliyopita. Tumejenga katika shamba la wazazi wa mume wangu, upande wa Bahati, hatua chache tu kutoka kwa mama mkwe. Maji yetu yanatoka kwenye kisima cha mashine alichochimba marehemu baba mkwe kabla sijafika pale. Ni kisima cha sifa. Kiangazi kikikaza, mitungi na mikokoteni hupanga foleni langoni, na mama mkwe hasahau kuwaambia watu ni nani aliyekichimba.

Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka tisa. Meno yake ya utotoni yalikuwa meupe, lakini haya ya mbele yaliyoota baadaye yamekuja na michirizi ya kahawia, na moja lina vishimo kama vya sindano. Siku ya picha ya darasa alivuta shingo ya sweta mpaka puani. Mwezi uliopita nilimkuta bafuni na ile waya ya kusugulia sufuria, ameitia majivu, anasugua meno na ufizi unatoka damu. Aliniambia shuleni wanamwita Turungi.

Wiki mbili baadaye alikuja kijana nadhifu mwenye sanduku la chuma. Alijaza glasi moja maji yetu, nyingine maji ya chupa aliyokuja nayo, akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma na kukichomeka kwenye umeme. Haikuisha dakika mbili. Maji yetu yaligeuka kahawia, kisha yakawa mazito kama uji ulioungua, na ya kwake yakabaki vilevile. Aliniuliza, "Mama, hii ndiyo unampa mtoto?" Nililia mbele yake.

Anauza mtambo wa kuchuja maji ya nyumba nzima. Unafungwa pale bomba kuu linapoingia ndani, kwa hiyo kila mfereji unatoa maji safi. Ni mitungi mitatu mirefu: wa kwanza unazuia mchanga, wa pili una mkaa, wa tatu unalainisha maji. Bei ni shilingi 185,000. Nilimtumia 45,000 kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Zilikuwa pesa za zamu yangu ya chama, ambazo tulikubaliana na mume wangu tuziongezee tununue ng'ombe wa maziwa. Mafundi wanakuja mwisho wa mwezi na wanataka salio lote. Mume wangu hajui lolote.

Si kwamba sikujaribu kuongea naye. Nilipogusia habari ya maji alisema, "Maji haya ndiyo yaliyonilea." Mama mkwe alisikia, sijui vipi, akauliza kama kwetu nilikotoka tulikuwa tukinywa maji ya mbinguni. Mume wangu naye meno yake ni ya kahawia iliyokolea, ila kwangu haijawahi kuwa shida. Hata katika picha ya harusi yetu amefunga mdomo. Si mtu wa kucheka ovyo.

Nina pia mtoto wa miezi mitano. Ninamnyonyesha, lakini mwezi ujao ninarudi kibandani na nilipanga kuanza kumpa maziwa ya kopo. Nikimwangalia kinywani, ufizi mtupu, nasikia uchungu.

Je, nikope kwenye Sacco nimalizie kimyakimya, kisha mume wangu aone faida kwa macho yake? Nimwambie sasa moto uwake? Au niache hizo 45,000 zipotee?

Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU

Mama wa Wawili, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama bafuni, kwenye waya na majivu. Nitaanzia hapo kabla ya mtambo, mume au mama mkwe, kwa sababu yule mtoto hangoji mwisho wa mwezi.

Ikiwa rangi ile ni ya floraidi, madini yanayokuwa kwenye maji ya visima vingine, na kwa ulivyoieleza nina sababu ya kuishuku, basi binti yako hana uchafu wa kusugua. Rangi imo ndani ya jino lenyewe. Kasoro iliyoileta iliingia jino likiumbwa chini ya ufizi, miaka mingi kabla ya kuota. Waya itaondoa lile gamba gumu la juu, ambalo likishakwisha halioti tena, na kahawia itabaki. Mwambie hivyo, kwa maneno ya mtoto wa miaka tisa: huna meno machafu, meno yako yaliumbwa hivyo. Kisha mpeleke kwa daktari wa meno. Ziko njia za kupunguza rangi, kuanzia kukwangua kidogo sana juu ya jino kwa ustadi mpaka kulifunika, na nyingine husubiri mtoto akue; daktari ndiye atakayepima ipi inamfaa sasa. Limau, mkaa na dawa ya kufulia nguo visikaribie kinywa chake. Nataja hivyo vitatu kwa sababu barua za namna hii hunijia, na siku zote kuna jirani aliyeshauri kimojawapo.

Hapa pana jambo litakalokuuma kidogo. Chujio lolote, la shilingi elfu moja au la laki mbili, halitayarudisha meno ya huyu mkubwa. Meno ya ukubwani huanza kuumbwa miezi ya kwanza ya maisha, na hatari hiyo hupungua sana mtoto akifika miaka minane hivi. Kwa umri wake dirisha karibu limefungwa. Maji bora yatamfaa mifupa yake na mwili wake kwa jumla, maana floraidi nyingi mno kwa miaka mingi hufika hata kwenye mifupa. Ila usimnunulie mtambo ukitarajia tabasamu.

Dirisha lililo wazi ni la huyu wa miezi mitano. Na kwake umekuwa ukifanya jambo zuri bila kujua: maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata mama mwenyewe akinywa maji yenye floraidi nyingi. Hatari yake inaanza pale unga wa maziwa ya kopo utakapokorogwa kwa maji ya kisima, na baadaye uji. Tena usidanganyike kwamba ukiyachemsha umemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, yanayobaki yanakuwa nayo kwa ukali zaidi.

Tuje kwenye ile glasi iliyokuliza. Kijiti kimoja katika kifaa kile kwa kawaida huwa cha chuma kinachoshika kutu. Umeme ukipita majini unakimega, na ile kahawia uliyoiona ni kutu ya kijiti chake mwenyewe. Umeme unahitaji chumvichumvi ili upite vizuri, na maji ya kisima chochote huwa nazo, hata yaliyo salama. Maji yake ya chupa yalikuwa yameondolewa chumvi, ndiyo maana hayakubadilika. Angetia humo kijiko kidogo cha chumvi ya jikoni, nayo yangekuwa uji. Simwiti mwongo, huenda naye alifundishwa hivyo na anaamini. Lakini floraidi haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauitambui kirahisi. Maonyesho yale hayakukuambia chochote kuihusu.

Basi katika kisima cha baba mkwe kuna nini? Wewe hujui, mume wako hajui, na mimi niliyekaa hapa na kalamu sijui. Nchi yenu ya Bonde la Ufa ina miamba ya volkano, na maji yakikaa chini humo muda mrefu hubeba floraidi. Ndiyo maana meno ya kahawia yanajulikana Nakuru, Gilgil, Naivasha na kwingineko bondeni. Lakini visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chenu kikiwa na 2 hiyo ni habari moja. Kikiwa na 8 ni nyingine kabisa, na mtambo unaotosha kwa 2 huenda usitoshe kwa 8.

Namba hiyo inapatikana maabara ya maji, na mjini Nakuru huduma hiyo ipo. Chukua chupa safi ya plastiki, si ya glasi. Acha maji ya kisima yatiririke dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ndipo uijaze. Wakati huohuo, mtu anapochimba kisima kwa kibali, mchimbaji huandika ripoti, na ndani yake mara nyingi mna karatasi ya vipimo vya maji. Huenda imelala kwenye sanduku la marehemu, chini ya hati ya shamba. Nani anashika ufunguo wa sanduku hilo, unamjua. Nakuachia uone kama kumwomba mama mkwe akuonyeshe karatasi za kisima cha mumewe si mlango laini zaidi wa kuingilia mazungumzo haya kuliko kumwambia maji yake yana sumu.

Sasa mtambo. Sitaki uondoke hapa ukidhani chujio la nyumba nzima ni ulaghai. Lina kazi yake, na kwa nyumba nyingine ni pesa iliyotumika vyema. Maji yakiwa na mchanga hula mipira ya mifereji na kuziba shawa ya umeme. Mimi mwenyewe nimewahi kuoga kwa kutegeshea matone matatu mpaka fundi alipofungua kichwa cha shawa akamwaga kijiko kizima cha mchanga sakafuni. Yakiwa na madini ya chuma, shati jeupe la shule hutoka kwenye kamba na madoa ya kutu. Yakiwa magumu, sabuni haitoi povu na birika hushika ukoko mweupe. Kinachofungwa kwenye bomba kuu hutatua hayo kwa mifereji yote kwa pamoja, na kuna raha ya kutomchunga mtoto anakunywa kutoka mfereji gani.

Lakini angalia mitungi yako mitatu, mmoja mmoja. Wa kwanza unazuia mchanga; floraidi imeyeyuka majini, inapita hapo kama chumvi inavyopita kwenye kitambaa. Wa pili ni mkaa, na mkaa wa kawaida wa mitambo hii ni hodari kwa klorini, harufu na ladha, ila floraidi haukamati kwa kiasi cha kutegemea. Wa tatu unalainisha maji, yaani unaondoa kalisi na magnesi, madini yanayofanya maji yawe magumu. Maji ya bondeni yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na kalisi kidogo tangu mwanzo! Huenda ukalipia kulainisha maji yaliyokuwa laini. Mtambo huo sijauona, kwa hiyo siuhukumu. Pengine mna kitu ambacho kijana hakukutajia. Mwulize akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri: floraidi ikiingia miligramu kadhaa, inatoka ngapi, na mkaa ule hubadilishwa baada ya lita ngapi na kwa bei gani. Sikiliza vile atakavyojibu.

Na hebu tulipime tatizo lenyewe. Floraidi inadhuru ikimezwa. Ngozi haiinyonyi kwa kiasi cha kutisha, kwa hiyo maji ya kuoga, kufua, kupiga deki na kunywesha migomba hayana neno. Kinachoingia kinywani kwa nyumba kama yenu, kunywa na kupika kwa pamoja, ni kama lita 20 kwa siku. Mtungi mmoja wa manjano. Wewe unafikiria kuchuja nyumba nzima kwa ajili ya mtungi mmoja. Huenda una sababu, lakini uijue.

Kwa mtungi mmoja kuna njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Upo mtambo mdogo wa kufunga chini ya sinki ambao husukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno. Huo unaondoa floraidi vizuri. Unataka maji yenye msukumo, utando hubadilishwa, na kwa kila lita ya kunywa humwaga nyingine kadhaa ambazo zinafaa kupiga deki tu. Upo pia mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni kwa hewa kidogo, ikasagwa, na chembe zake hushika floraidi. Huo ni ujuzi wa hapohapo kwenu. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiutengeneza kwa miaka mingi, kwa ndoo za nyumbani na hata matangi ya jamii. Mwiba wake ni kwamba mkaa hushiba. Ukishashiba, maji yanaendelea kutoka maangavu vilevile huku floraidi ikipita, na hutajua usipoyapima tena. Tena si kila nyumba iko radhi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Mwulize na mama mkwe, usije ukapika chai isiyonyweka.

Halafu kuna maji ya mbinguni. Mama yako mkwe aliyasema kwa kejeli, nami nilicheka, kisha nikakaa kimya. Mvua karibu haina floraidi. Nina hakika kwenu Kakamega uliona pipa chini ya ukingo wa bati. Chukua paa la mita 60 za mraba: mvua ya milimita 20, ile ya jioni moja nzito, inakupa kama lita elfu moja hata ukitoa inayomwagika. Tangi la lita 5,000 likijaa, kwa mtungi wako mmoja kwa siku, ni siku 250. Nakuru nayo ina masika, ina mvua za Agosti, ina vuli. Mwiba upo hapa pia: vumbi na vinyesi vya ndege juu ya bati, kwa hivyo maji ya mwanzo ya kila mvua humwagwa, tangi hufunikwa, na ya kunywa huchemshwa au hutiwa dawa. Na tangi nalo ni pesa, ingawa sidhani linafika 185,000.

Swali dogo la jikoni kabla sijaondoka huko: mboga za kienyeji na githeri mnapika kwa magadi? Magadi ya kuchimbwa huwa na floraidi nyingi. Ikiwa ni wewe uliyekuja na mazoea hayo, basi kisima cha baba mkwe hakishtakiwi peke yake, na kukiri hilo mbele yao kunaweza kupoza hewa zaidi ya hotuba ndefu.

Nimechelewesha mume wako makusudi. Umeandika, kwa kupita tu, kwamba katika picha ya harusi amefunga mdomo kwa kuwa si mtu wa kucheka ovyo. Una hakika ni tabia? Mvulana aliyekulia na meno hayo alikwenda shule gani, akaitwa jina gani? Anaposema maji haya ndiyo yaliyonilea, wewe umesikia ubahili au ubishi. Mimi nasikia pia mtu ambaye, akikubali kwamba maji yameharibu meno ya binti yake, itabidi akubali na mengine: kwamba baba yake, kwa nia njema kabisa, alimnywesha nini. Huenda nimekosea, wewe ndiwe unayelala naye chumba kimoja. Lakini anaijua njia anayopita Turungi kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani, na sijaona popote katika barua yako kwamba umemsimulia yale uliyoyakuta bafuni.

Kuhusu pesa, nitakuwekea mezani ninavyoona. Ukikopa kimya, mtambo utaonekana siku ya kwanza, maana ni mitungi mirefu ukutani, na swali lake la kwanza halitahusu maji. Ukimwambia sasa, huenda kukawa na siku tatu mbaya, pengine zaidi, na ng'ombe atatajwa kila mlo. Ukiwaacha wauzaji wabaki na 45,000, unanunua ukimya kwa bei ghali, na ukimya wa chama hauna kufuli. Kuna mwanachama atakayeuliza ng'ombe yuko wapi. Pia usidhani pesa imekwisha kupotea. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamjali mnunuzi aliyeuziwa nyumbani kwake, na inampa nafasi ya kujiondoa kwenye mkataba. Nafasi hiyo ni fupi na inategemea ulitia saini nini na lini. Tafuta ile karatasi leo na ujumbe wa M-Pesa, umwonyeshe anayejua sheria, na uwaandikie wauzaji kwamba unasubiri vipimo vya maabara kabla ya kufungiwa chochote. Hilo halikufungi upande wowote. Mtambo ukionekana unafaa, bado utakuwepo.

Sikuambii umwambie lini. Ila kuna tofauti kati ya kumwendea ukiwa na risiti ya mtambo na kumwendea ukiwa na chupa ya maji mnayoipeleka pamoja maabara, halafu risiti itoke mkobani njiani mkirudi. Yote mawili ni kukiri, na huenda yote mawili yakamkasirisha. Wewe unamjua hasira zake zinaanzia wapi na zinaishia wapi.

Kama kopo la maziwa bado halijafunguliwa, unaweza kukama maziwa yako asubuhi kabla ya kwenda kibandani. Mkunga wa kliniki atakuonyesha namna ya kuyahifadhi. Na namba ya maabara ikitoka, niandikie. Nataka kujua kama ni 2 au ni 8.

Mama Mshauri